Nani Alikuwa Akiwasha Moto Jikoni kwa Waruguru?

Mke wangu alikuwa na mwaka na miezi mitano kaburini siku niliyokuta jiko lake lina moto.

Sikuhadithiwa. Mkono huu huu ninaoandikia niliutia kwenye majivu nikautoa mbio.

Na nyumba ilikuwa imefungwa! Kufuli lilikuwa mlangoni, kubwa kama kipande cha sabuni. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, na ulikuwa wa pekee duniani, maana mwenzake niliutupa majini mwenyewe nikivuka feri ya Kilifi, nikiogopa usije ukaangukia mikononi mwa wezi.

Sasa tulieni niwaeleze.

Juzi kuna kijana humu aliuliza. Anataka kujenga kijumba mlimani, cha kwenda kupumzika mwisho wa wiki, sasa anaomba ushauri. Mkamjibu kwa wingi. Tangi la maji. Hati ya shamba. Sola. Seng'enge. Mbwa mkali.

Nilisoma majibu yote nikacheka peke yangu kama mwehu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia lile jambo ambalo mimi lilinitoa jasho na machozi.

Kijana, chukua kiti.

Mimi naitwa Ndirangu, mtu wa Kinangop. Mwaka 1981 nilipata kazi ya ufundi wa mitambo kiwanda cha korosho, Kilifi. Nikashuka pwani na mke wangu, Waruguru, tukakodi chumba kimoja cha mabati.

Joto lilitupokea kwa makofi. Kwetu ukiamka alfajiri nyasi zina barafu. Kilifi ukiamka alfajiri shuka limelowa utadhani umelifua.

Mimi nilizoea. Waruguru hakuzoea hata siku moja.

Lakini alikuwa na kipaji kimoja ambacho mimi sikupewa. Alijua watu. Muuza samaki, fundi cherehani, mama wa makaa, kila aliyepita mlangoni alikuwa rafiki yake kufikia saa sita. Mimi nilikuwa mtu wa kazi, nyumbani, redio, kulala. Majirani wa miaka miwili sikuwajua majina.

Siku moja narudi kazini nakuta amechora sakafuni kwa kipande cha kaa.

"Ndirangu, njoo uone nyumba yetu."

"Nyumba gani?"

"Mama wa makaa ameniambia kwao, ng'ambo ya Ganze, kuna kilima. Asubuhi kuna ukungu mpaka mtu haoni mbuzi wake. Ukungu, Ndirangu! Kama kwetu."

Akanionyesha. Hapa chumba. Hapa veranda. Hapa jiko, mafiga matatu, na dirisha la kutazama ukungu ukipanda.

"Stovu nimekununulia ya kazi gani?" nikamuuliza.

"Stovu ni lako. Mimi nataka moshi wa kuni."

Nilicheka. Nikamwambia mwaka ujao. Mwaka ujao nikamwambia mwaka ujao.

Novemba 1983 malaria ikamlaza. Wiki tatu. Mimi mchana nilikuwa kazini, nikirudi nakuta amepewa maji, amepewa uji, amefuliwa shuka. Sikuuliza ni nani. Hebu fikiria mtu wa aina gani haulizi.

Akafa Jumapili asubuhi. Tukamsafirisha, tukamzika Kinangop. Mimi nikarudi Kilifi kazini, siku mbili njiani, nikaingia kwenye kile chumba, na mchoro wa makaa ulikuwa bado uko sakafuni.

Sikuufuta. Niliuruka kila siku nikienda kulala.

Katika vitu vyake nilihifadhi kimoja, leso yake nyekundu yenye maua ya korosho. Mnajua leso huja mbili, mnunuzi anakata mwenyewe. Waruguru alikosa mkasi siku hiyo, akakata kwa kisu cha jikoni, ukingo ukaenda upogo kama njia ya mlevi. Nilikuwa na kipande kimoja. Cha pili nilikitafuta chumba kizima sikukiona.

Mwaka 1984, ule mwaka wa ukame, nikaamua. Nitajenga ile nyumba. Ndiyo, nilijua amekufa. Lakini nilikuwa sina kaburi la kutembelea huku, wala mtu wa kuongea naye, na nilihisi nikiijenga itakuwa kama nimemjibu.

Nikauliza madereva wa malori ya makaa. Kilima chenye ukungu ni kipi? Wakanielekeza. Jina lake nitaliweka kapuni, kwa sababu mkilijua mtakwenda kujaza hoteli.

Wenye ardhi walinipa kiploti mgongoni mwa kilima. Fundi nikampata hapo hapo, jamaa wa makamo anaitwa Thoya, mikono mirefu, maneno machache.

Nikamwambia nataka ukuta wa mbao na paa la mabati, kama kwetu.

Thoya akanitazama kwa huruma. "Mbao utakuwa umewapikia mchwa. Na bati utaiva wewe mwenyewe. Fito, udongo, makuti. Huku ndivyo tunavyokaa."

Huo ni ushauri wa kwanza, kijana. Fundi wa pale akikwambia hivyo, funga mdomo.

Nikakubali, ila nikashikilia mlango wa mbele uwe wa mbao ngumu na kufuli. Thoya hakubisha. Mlango wa nyuma, wa jikoni, akauwekea komeo la mti kwa ndani. Kamba zilikuwa kila mahali, nyumba yote imefungwa kwa kamba, na mimi sikuona kamba moja ina tofauti gani na nyingine.

Jikoni nikaweka mafiga matatu kama alivyochora. Nikaapa sitayawasha. Mimi nitapika chai yangu verandani kwa stovu. Lile jiko lilikuwa la mwenyewe.

Februari 1985 nyumba ikaisha. Kila Jumamosi nikawa nashuka basi Ganze, natembea saa nzima na mkoba na redio, nafungua kufuli, naingia, nafunga. Jumapili narudi.

Watu nilipita nikiwaona kwa mbali. Sikuwaamkia. Si kiburi, ni aibu tu, lakini aibu ya mtu mzima na kiburi kwa nje huwezi kuvitofautisha.

Jumamosi ya pili mlango ukabishwa.

"Hodi!"

Nikachungulia. Bibi kizee, mtungi wa maji kichwani.

"Sinunui!" nikamwambia kwa ndani.

"Siuzi, mwanangu. Ni ya..."

"Nimesema sinunui, mama!" Nikaongeza sauti ya redio.

Akautua mtungi mlangoni akaenda zake. Mimi nikasema ahaa, hii ndiyo mbinu yao, wakuachie kisha waje kudai. Nikautoa mtungi, nikauweka kule njiani aje auchukue. Alikuja tena mara mbili. Mara zote mbili nilimjibu vivyo hivyo.

Kisima wakati ule kilikuwa mwendo wa saa mbili kwenda. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, kwa miguu ya mwanamke wa miaka sabini. Hilo nilikuja kulijua baadaye, na hadi leo nikilikumbuka uso unawaka.

Basi, ikaja ile Jumamosi ya Aprili.

Nikafungua kufuli. Nikanusa. Moshi!

Nikaingia jikoni. Katikati ya mafiga matatu kulikuwa na majivu meupe, mapya. Nikatia mkono. Moto.

Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Hakuna kilichoibwa. Stovu lilikuwa pale, blanketi lilikuwa pale. Mlango wa nyuma, komeo liko mahali pake. Nikazunguka nyumba mara nne. Kisha nikakaa chini.

Nikasema kwa sauti, "Waruguru?"

Jumatatu kazini nikamwambia Hilal. Huyu alikuwa mtu wa Takaungu, tukifanya kazi mashine moja, Mswahili wa maneno yaliyonyooka. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono.

"Ndugu yangu Ndirangu, nyumba yako haikuvunjwa?"

"Haikuvunjwa."

"Hakikuibwa kitu?"

"Hakuna."

"Na umefagiliwa?"

"Nimefagiliwa."

"Basi shukuru. Mimi kwangu nina mke na binti wawili na sifagiliwi."

Nilikasirika. Aliona, akaniwekea mkono begani.

"Nisamehe. Lakini nakuomba jambo moja. Nenda kawaulize majirani. Si kuwashtaki, kuwauliza tu."

Sikwenda. Kwa nini niulize wakati jibu nilikuwa nalo tayari? Nilikuwa nimeshaamini, jamani. Nawaambia ukweli wangu. Mtu akiwa peke yake muda mrefu, hahitaji ushahidi mwingi.

Jumamosi iliyofuata nikaacha jikoni mkebe wa majani ya chai, sukari na kikombe. Niliviweka karibu na mafiga, nikafunga kufuli, nikaondoka moyo unanidunda kama kijana anayepeleka barua ya kwanza.

Niliporudi, majani yamepungua. Sukari imepungua. Kikombe kimeoshwa, kimefunikwa mdomo chini juu ya fito.

Nililia kwa furaha. Ndiyo, mimi, fundi mzima wa mitambo.

Ikawa ndiyo maisha. Mei, Juni, Julai. Nampelekea majani ya chai, sabuni, mkate. Namsimulia habari za kazini, naongea na jiko tupu hadi sauti inakauka. Wenzangu kiwandani wakasema Ndirangu amenawiri, bila shaka ameoa. Sikukana.

Mwisho wa Julai nikampelekea leso yake. Niliikunja, nikaiweka juu ya figa kubwa.

Jumamosi iliyofuata leso haikuwepo.

Hapo sikuvumilia tena. Nilitaka kumwona. Niliomba ruhusa siku moja katikati ya wiki, Jumatano, maana nilijua Jumamosi akinisikia naja anaondoka. Nikanyoa ndevu. Nikavaa shati nililooa nalo, likiwa limenibana tumboni.

Nilipanda kilima mchana. Kwa mbali nikaona moshi unapenya kwenye makuti yangu, taratibu, wa rangi ya maziwa. Nikaanza kukimbia.

Kufuli lilikuwa limefungwa. Ndani kuna mtu anakohoa.

Nikafungua. Nikaenda hadi mlango wa jikoni.

Alikuwa ameinama akipuliza moto, mgongo kwangu. Amejifunga leso nyekundu ya maua ya korosho.

"Waruguru," nikasema.

Akageuka.

Alikuwa yule bibi wa mtungi.

Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Nimezika mke mara mbili, hivyo ndivyo ninavyoweza kusema. Mara ya kwanza kulikuwa na watu wa kunishika.

"Umeingiaje humu?"

"Kwa mlango, mwanangu. Nimevuta kamba." Akanionyesha mlango wa nyuma. Kamba moja, katika zile kamba zote, ilitoka kwenye komeo, ikapita tundu la ukuta, ikajificha nje chini ya makuti. Ukivuta, komeo linainuka. Ukiachia, linarudi. Mimi nilikuwa natembea na ufunguo shingoni kama medali, kumbe nyuma nyumba inafunguliwa kwa kidole.

"Wewe ni mwizi!"

"Kuna neno, mwanangu, nilitaka..."

"Sitaki neno! Umekunywa chai ya mke wangu! Umevaa leso ya mke wangu! Ivue!"

Hakupiga kelele. Alikuwa na nguo nyingine ndani. Akaivua leso polepole, akaikunja vizuri, akaiweka mkononi mwangu. Ilinukia sabuni ile niliyopeleka mwenyewe.

"Moto utazima sasa hivi," akasema. "Usiuache na ukuni mrefu, ukaunguza nyumba."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, mkono kiunoni, kama watu wenye maumivu ya mgongo wanavyotembea.

Siku hiyo hiyo nikakata kamba. Nikachukua nyundo nikaupigilia ule mlango misumari kumi na mmoja. Majirani walisimama mbali wakitazama. Hakuna aliyenisemesha, na mimi sikumsemesha mtu.

Baada ya hapo, nyumba ikawa nyumba tu.

Nilikuja Jumamosi mbili tatu. Nafungua, hakuna harufu. Majani ya chai yako vile vile. Kikombe kina vumbi. Nilijua sasa kwamba Waruguru hajapata kuja, na kwamba kila nilichomsimulia nilikuwa nausimulia udongo. Upweke wa kwanza niliuzoea. Huu wa pili ulinikalisha kitandani Jumapili nzima na viatu miguuni. Oktoba nikaacha kwenda.

Nilirudi Januari 1986. Nilitaka kuchukua vitu vyangu, niwaachie wenye ardhi ardhi yao.

Nikafika juu, nikasimama.

Paa la jikoni lilikuwa limelala. Makuti yamegeuka unga, ukigusa yanamwagika. Nguzo zote zina vijia vya udongo vya mchwa, toka chini hadi juu. Kwenye mafiga kulikuwa na gamba la nyoka. Mlango wa mbele ulikuwa mzima, na kufuli lake linang'aa.

Thoya alinikuta nimekaa nje. Akazunguka nyumba, akagonga nguzo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Moshi ulikatika lini?" akauliza.

"Moshi gani?"

"Wa jikoni. Nyumba ya makuti bila moshi ni chakula. Moshi ndio unaofukuza dudu na mchwa. Nilipita hapa mwezi wa tano nikaona paa limeanza kuwa jeusi ndani, nikasema vizuri, mtu wa bara amejifunza."

"Sikuwa mimi. Mimi natumia stovu."

"Najua. Ndiyo maana nilimshukuru Hawe Mbeyu."

Hawe ni nyanya, kwa Kigiriama. Ndivyo kilima kizima kilivyomwita. Mimi nilikuwa nimemwita mwizi.

"Na ile kamba, Thoya? Mbona hukuniambia?"

Alinishangaa kweli kweli. "Kukwambia? Kila nyumba hapa ina kamba. Ukiugua ndani, ukiumwa na nyoka, jirani ataingiaje?"

Nikamwomba anionyeshe nyumbani kwa Hawe.

Alikuwa kibarazani anapepeta mahindi. Nilisimama mbali kidogo. Katika mwaka mzima sikuwa nimemwamkia yule mama hata mara moja.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Umeng'oa misumari?"

"Bado."

"Basi bado hujaja. Kang'oe kwanza."

Nikarudi. Nikaing'oa, mmoja mmoja, vumbi la makuti likinimwagikia shingoni. Nikamletea kiganjani, kumi na mmoja. Akaihesabu kwa macho, akasogeza ungo.

"Kaa, Ndirangu."

Nilishtuka. "Jina langu unalijua?"

"Nalijua kabla hujajenga. Mimi ndimi mama wa makaa."

Nikakaa chini.

Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kimekunjwa. Nyekundu. Maua ya korosho. Akakifungua magotini pake, nikaona ukingo. Umekatwa upogo, kama njia ya mlevi.

Mimi nilikuwa na kipande kimoja. Cha pili kilikuwa hapa.

"Alinipa yeye mwenyewe," akasema. "Zile wiki tatu. Nilikuwa nikishusha makaa asubuhi, nakaa naye, nampa uji. Wewe uko kazini. Sikukulaumu, kazi ni kazi. Siku moja akaniambia, Hawe, mimi sitaamka hapa. Lakini huyu mume wangu namjua. Atakuja kwenu kujenga, maana ana kichwa kigumu na ana moyo. Hajui kuwasha moto, na hajui kusalimia watu. Msimwache alale penye baridi."

Nikaushika ule ukingo wa leso. Hawe akaendelea.

"Thoya akatuambia anamjengea fundi wa korosho aitwaye Ndirangu. Nikajua ni wewe. Nikaja na maji nikueleze. Ukasema hununui. Nikaja tena. Na tena. Nikasema haya, maneno hataki, basi nitafanya lile nililoombwa. Nikawa nawasha moto Jumatano mchana na Jumamosi alfajiri, ili ukija ukute pana joto. Kisha wewe ukaacha chai! Ukaacha mkate! Nikafurahi, nikasema anaona haya, lakini amenipokea. Nilikuwa nikikaa pale na kikombe, nawaza, mwenzangu anakuja Jumamosi. Mimi pia nalala peke yangu, mwanangu. Na nilipoikuta ile leso juu ya figa, pacha ya hii yangu, nikasema sasa amejua kila kitu."

Akapangusa pua kwa kiganja.

"Ndiyo maana nilivaa," akasema.

Nililia pale kibarazani, mchana, mbele ya Thoya na kuku. Nililia kile kilio ambacho sikulia Kinangop. Yaani kipindi chote kile nilichodhani ni Waruguru anawasha moto, na kipindi kile nilichojua kwamba siye, vyote nilikosea. Ni yeye aliyeuwasha. Alituma tu mkono mwingine.

Hawe Mbeyu aliniacha nilie. Nilipomaliza akasema, "Haya. Sasa ukatafute makuti. Na safari hii moto utawasha wewe, mimi nitakaa nitazame."

Tulijenga upya kabla ya mvua. Nilijifunza kuwasha kuni mvua ikinyesha. Nilijifunza kuamkia nyumba tisa kabla ya kufika kwangu, na nisipoamkia moja nilirudishwa. Jumamosi ya kwanza Hawe alikuja na mtungi wa maji, nikaupokea kwa mikono miwili. Vipande vile viwili vya leso alivishona pamoja kwa mkono, na vikatandikwa hapo jikoni kila tulipokunywa chai, miaka minane, hadi na yeye alipotuacha.

Sasa wewe kijana uliyeuliza.

Tangi weka. Hati chukua. Lakini kabla hujanunua kufuli, nenda kaamkie watu. Atakayekuja na maji, mpokee, hata kama una pipa limejaa. Fundi akikufungia kamba mlango wa nyuma, muulize inaenda wapi, na ukishajua, iache. Na usiache nyumba ilale baridi. Ikiwa hupo, mwombe mtu. Ikiwa yuko mtu anakuwashia na humjui, usifanye kama mimi.

Nyumba yangu ingali pale. Niko sabini na kidogo, magoti yananisuta, siku hizi napanda kilima mara moja kwa mwezi.

Kamba iko nyuma, chini ya makuti, mkono wa kulia. Ukipita na mimi sipo, ivute. Majani ya chai yako kwenye mkebe.

Ukitoka, kikombe kifunike.